MAARIFA YA NYUMBANI: Stendi ya kutengenezea baiskeli

Katika nyumba nyingi baiskeli ndiyo inayobeba madumu ya maji, gunia la sokoni na mtoto wa shule. Breki zikilegea, aliye hatarini ni yule mtoto aliyekaa kwenye keria. Kuzikaza, kupaka mnyororo oili na kuziba pancha ni kazi tunazoweza kuzifanya wenyewe. Kinachotushinda ni kuishikilia baiskeli isianguke. Wengi wetu huipindua matairi juu, kengele na taa zikaumia.

Stendi ziko za namna mbili. Ya kwanza ni fupi, nayo hunyanyua gurudumu la nyuma tu. Ni ya bei nafuu, hukaa nyuma ya mlango, na inatosha kwa mnyororo na breki ya nyuma. Lakini kabla ya kutoa fedha, itazame baiskeli yako. Baiskeli nyeusi za mzigo, kama Phoenix, kwa kawaida huja na stendi ya miguu miwili inayofanya kazi hiyo hiyo. Usinunue ulicho nacho.

Ya pili ina nguzo na kibanio, nayo hunyanyua baiskeli nzima. Magurudumu yote mawili huweza kutolewa, na mgongo hauumi kwa kuinama. Kwa kuwa ni ghali zaidi, chunguza haya:

1. Uzito. Baiskeli ya mzigo hufikia kilo 20 hivi. Soma uzito ulioandikwa na kiwanda.

2. Kibanio. Kiwe na mpira ndani, na kifunguke kiasi cha kubana bomba la kiti. Bomba la fremu likibanwa huweza kubonyea, hasa la alumini.

3. Miguu. Ua wetu una mabonde, na miguu mitatu hutulia kuliko minne.

4. Kukunjwa. Pima nafasi itakapolala, chini ya kitanda au kando ya kabati, kisha uende dukani na kipimo chako.

Ukiweza, nenda na baiskeli yenyewe. Ipandishe, zungusha pedali kwa nguvu. Stendi ikiyumba, iache.

Kama fedha haitoshi, funga kamba mbili imara kwenye boriti nene: moja ishike kiti, nyingine usukani. Itaning'inia na kuyumba kidogo, lakini haitakula nafasi. Fito nyembamba za paa hazifai.

Kwa vyovyote, watoto wadogo wakae mbali gurudumu linapozunguka. Mnyororo na gia hukata vidole. Na ukimaliza, ishushe chini, kamata breki moja moja huku ukiisukuma. Gurudumu likikataa kuzunguka, mwanao anaweza kwenda shule.