Umeme wa muji: tuhesabu kwanza, mukataba baadaye

Ndugu wakaaji wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na miji yetu yote,

Wakubwa wanafika na ahadi ya umeme, wanakata utepe, wanapiga picha, wanarudi kwao. Sisi tunabaki na mishumaa, makala na grupu inayokunywa mazutu usiku kucha. Hatukatai umeme wa jua wala wa maji. Inchi yetu iko na mito na jua ya kutosha. Tunachokataa ni muji kuuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Tangu sheria ya umeme ya 2014, SNEL haiko peke yake tena: kampuni za watu binafsi zinaweza kuzalisha na kuuza. Njo maana mutambo wa maji wa Matebe, karibu megawati 13, ulifunguliwa 2015, na mwaka 2020 Goma ikapata kituo cha jua cha megawati 1,3. Ni hatua kubwa. Lakini wauzaji kuwa wengi haitoshi kama munuuzi hajui kuhesabu.

Kwanza, muji ujue haja yake. Pampu za maji, hospitali, masoko, taa za barabara: kila moja inakula umeme kiasi gani, na saa ngapi? Kisha wanunuzi waungane. Kule Melbourne, Australia, manispaa iliungana na vyuo vikuu, mabenki na wengine, wote 14, wakanunua umeme wa upepo kwa mukataba wa miaka 10. Mutu mumoja akiuliza bei, anaambiwa njo hiyo. Wakija 14, muuzaji anakaa chini wanaongea.

Pili, tusidanganywe na neno megawati. Megawati moja ya maji, mutambo ukizunguka siku nzima, inatoa kilowati-saa 24.000. Megawati moja ya jua, tukihesabu saa 4 za jua kali, inatoa 4.000 tu. Usiku, bila batri, haitoi kitu. Maji nayo yanapungua wakati wa kiangazi. Kwa hiyo tulinganishe bei ya kilowati-saa inayofika nyumbani, hata saa mbili za usiku, pamoja na batri, nyaya na matengenezo.

Tatu, tuangalie nyaya na adhabu. Kule Turkana, Kenya, mitambo ya upepo ya megawati 310 ilikuwa tayari 2017, lakini laini ya kusafirisha umeme ilikamilika 2018. Serikali ikalipa mabilioni ya shilingi juu ya umeme ambao haukufika kwa mutu yeyote.

Basi tunaomba mameya na magavana: kampuni zishindane mbele ya wote. Mukataba wote utangazwe kabla ya sahihi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Ndani yake isomeke: bei inapanda namna gani, kwa franka ao kwa dola? Kampuni ikichelewa, nani analipa? Mukataba ukiisha, mutambo unabaki kwa nani?

Kuko watu wanaosema haya ni maneno ya wataalamu. Hapana. Mushonaji, muchomeleaji, mama wa mashine ya kusaga, hao njo watalipa hiyo fakitire kwa miaka 20. Siku mradi utatangazwa kwenu, mwende kwa chefu wa kartie, mwende kwa meya, muulize maswali haya matatu. Na musitoke bila jibu lililoandikwa.