Rimu kubwa pekee hazilifanyi gari kuwa la mbio

KILA mara mashindano ya Safari Rally yanapokaribia, barabara ya kutoka Nairobi kuelekea Naivasha hufurika magari madogo aina ya Subaru Impreza yaliyopambwa yakapambika. Tangu mashindano hayo yarejeshwe katika msururu wa ubingwa wa dunia mnamo 2021, baada ya kukosekana kwa karibu miongo miwili, msafara huo wa mashabiki umekuwa ada. Pambo linalotangulia mengine yote ni magurudumu. Kijana akishanunua gari lake, hata kabla ya kubadilisha oili, hukimbilia kutoa rimu za kiwandani na kutia nyingine za inchi 18 zinazometameta, zilizovishwa matairi membamba ya ubavu kama utepe.

Ajabu ni kwamba magari wanayokwenda kuyashangilia hayana rimu za aina hiyo. Katika barabara za vumbi na changarawe kama zile za Naivasha, magari ya daraja la juu ya mbio za dunia hutumia rimu za inchi 15 tu, na matairi ya ukubwa wa 205/65R15. Rimu za inchi 18, zenye matairi ya 235/40R18, hutolewa katika mashindano ya barabara za lami.

Msomaji akichukua kalamu na kupiga hesabu, atagundua jambo la kumfumbua macho. Kimo cha tairi la kwanza, kutoka ardhini hadi juu, ni takriban milimita 647. Kimo cha la pili ni milimita 645. Wahandisi hao wameongeza rimu kwa inchi tatu nzima ilhali kimo cha gurudumu kimebakia karibu pale pale. Walichopunguza ni mpira ulio kati ya chuma na barabara. Kwenye lami laini mpira mwingi huyumba gari linapokata kona, na kwenye mawe mpira mchache hupasuka. Kwa hiyo wao huchagua kwanza barabara, kisha tairi, na rimu huja mwisho. Vijana wetu huanza na rimu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi, tuseme 205/55R16, yana mambo matatu. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, nacho huhesabiwa kama asilimia ya upana huo. Hapa ni asilimia 55 ya 205, yaani karibu milimita 113. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. (Neno rimu limetusumbua kwa miaka mingi kwenye meza ya uhariri, maana rimu nyingine ni ya karatasi. Lakini fundi wa gereji hana shida nalo, nasi tumemfuata.) Ukitaka kimo cha gurudumu zima, zidisha inchi za rimu kwa 25.4, kisha ongeza ubavu mara mbili, wa juu na wa chini.

Impreza za miaka mbalimbali zimetoka kiwandani zikiwa na saizi kadhaa, zikiwemo 195/65R15, 205/55R16, 205/50R17 na, katika matoleo ya karibuni, 225/40R18. Vimo vya magurudumu hayo ni milimita 634, 632, 637 na 637, kwa kufuatana. Tofauti ni ndogo mno kiasi kwamba gari halitaihisi. Lakini tazama ubavu. Tairi la inchi 15 lina mpira wa milimita 127 kati ya rimu na barabara. La inchi 16 lina 113, la 17 lina 102, na la 18 lina 90 tu. Mwenye kutoka 15 hadi 18 amejinyima karibu thuluthi ya mto uliokuwa ukimkinga na mashimo.

Hapa ndipo mjadala unapopaswa kuanzia. Hatuwezi kukana kwamba ubavu mfupi una faida. Usukani ukizungushwa, tairi la ubavu mfupi huitikia mara moja. Halikunjiki kabla ya kutii. Tena tairi pana hushika lami vyema zaidi pakiwa pakavu. Zaidi ya hayo, rimu kubwa hutoa nafasi ya breki kubwa, na hilo ni jambo la usalama kwa magari yenye nguvu. Ndiyo maana Impreza za daraja la STI zenye breki za Brembo haziwezi kuvaa rimu ya chini ya inchi 17. Chuma kitagusana na chuma. Mwenye gari la namna hiyo hana budi kukubali rimu kubwa na gharama zake.

Lakini wengi wa wanaotia rimu za inchi 18 hapa nchini wana Impreza za kawaida, zisizo na turbo, zilizoundwa kuvaa 15 au 16. Breki zao ni zile zile ndogo. Gurudumu kubwa la bei nafuu aghalabu huwa zito, na uzito wake uko mbali na kitovu, pale ambapo injini hutaabika zaidi kuuzungusha na breki hutaabika kuusimamisha. Gari lililokuwa jepesi linakuwa goigoi linapoondoka na hulamba petroli zaidi mjini. Shokomzoba nazo hulemewa kwa sababu uzito wa gurudumu haubebwi na springi. Kwa hivyo mtu ametoa pesa kununua sura ya mbio na kupoteza sehemu ya mbio zenyewe.

Kisha yapo mashimo. Thika Superhighway na barabara ya juu ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, huenda zikastahimili tairi la ubavu wa utepe. Lakini hakuna aishiye juu ya Expressway. Mtu hushuka akaingia mtaani, ambako kuna matuta yasiyopakwa rangi, mifereji iliyokatwa katikati ya njia na mashimo yanayofichwa na maji ya mvua. Tairi la ubavu mfupi likitumbukia shimoni, mpira hubanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu. Nyuzi za ndani hukatika, ubavu huvimba kama jipu, na rimu hupinda. Pancha ya msumari huzibwa, lakini ubavu uliovimba hauna dawa ila kutupwa.

Ukubwa wa rimu si jambo pekee la kutazamwa. Ukienda barabara ya Kirinyaga, Nairobi, utaonyeshwa rimu za kila namna na kuambiwa kwamba alimradi tundu za boliti zinalingana, kazi imekwisha. Haijaisha. Impreza nyingi zina boliti tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 100, sawa na Toyota Wish na baadhi ya Toyota Premio. Lakini tundu la katikati la rimu za Toyota hizo ni milimita 54.1, na kitovu cha Subaru ni 56.1. Milimita mbili hizo hufanya rimu isikae. Wapo wanaolichonga tundu hilo kwa tupa, na wakilichonga vibaya gurudumu hutetema kila gari linapoongeza mwendo. Nati nazo zina hatua zake za msokoto: za Subaru ni 1.25 na za Toyota ni 1.5. Anayelazimisha nati ya huku kwenye boliti ya kule anaharibu uzi utakaoshikilia gurudumu lake.

Jambo linalosahaulika zaidi ni ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusana na kitovu. Chukua rimu ya kiwandani yenye upana wa inchi 7 na ofseti ya milimita 55. Mwenye gari akiiondoa na kutia ya upana wa inchi 8 yenye ofseti ya 35, ukingo wa nje utasogea nje kwa karibu milimita 33. Gurudumu litachungulia nje ya madigadi, litakwaruza gari likibeba abiria watano, na litalemea beringi kwa namna ambayo haikukusudiwa. Isitoshe, tairi la 205/50R17 hukubali rimu ya upana wa inchi 5.5 hadi 7.5. Kulinyoosha juu ya inchi 8 kwa ajili ya sura ni kuomba litoke kwenye rimu siku ya kukata kona kali.

Kwa Impreza zinazoendeshwa kwa magurudumu yote manne kuna tahadhari ya ziada. Magurudumu yote yanapaswa kuwa na mzingo unaolingana. Subaru hutaka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, yaani milimita sita hivi. Tofauti hiyo hutokana na kupungua kwa mpira kwa milimita moja tu ya kina. Anayenunua tairi moja jipya na kuliweka pamoja na matatu yaliyochakaa, au anayetia mapana nyuma na membamba mbele kama alivyoona kwenye picha, anaulazimisha mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma ufanye kazi bila kupumzika. Bili ya giaboksi ndiyo itakayomweleza.

Soko letu nalo lina mchango wake. Tangu kiwanda kilichokuwa kikitengeneza matairi ya Yana jijini Nairobi kisimamishe uzalishaji mwaka 2016, mnunuzi wa tairi la gari dogo hutegemea bidhaa za kuagizwa kutoka nje. Saizi zinazovaliwa na magari mengi, kama 195/65R15, hupatikana kila mji na kwa bei inayoeleweka. Za inchi 17 na 18 ni adimu nje ya miji mikubwa. Mwenye nazo akipasukiwa na tairi mbali na Nairobi au Nakuru anaweza kulala huko.

Aidha, sheria zetu huruhusu kuagiza gari lililotumika mradi halijapita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Gari la miaka saba linaweza kushuka bandarini Mombasa likiwa na matairi ya miaka saba, yenye michoro mizuri na mpira uliokauka. Tarakimu nne za mwisho katika msimbo unaoanza na DOT zinaeleza umri: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Magari mengine kutoka Japani huja na matairi ya theluji, yenye alama ya mlima na kitone cha theluji, au neno STUDLESS. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi. Kwenye lami ya joto la Mombasa au Kisumu huisha upesi, na breki zikikanyagwa ghafla huserereka kuliko tairi la kawaida. Muuzaji anayeyasifu kuwa “mapya kabisa kutoka Japani” huenda hasemi uongo, ila yalitengenezwa kwa nchi nyingine.

Mnunuzi pia asome nambari inayofuata saizi. Katika 205/55R16 91V, 91 ina maana kwamba tairi hubeba kilo 615, na V kwamba limeidhinishwa hadi kilomita 240 kwa saa. Tairi la inchi 17 lenye 89 hubeba kilo 580. Nambari hiyo isishuke chini ya iliyopendekezwa kiwandani. Wala asikosee tarakimu moja: 225/45R18 badala ya 225/40R18 huongeza kimo hadi milimita 660, karibu asilimia nne kuliko gurudumu asili. Spidomita ikionyesha 110, gari litakuwa limekwenda kasi zaidi ya lilivyokuwa likienda awali kwa usomaji huo huo. Spidomita nyingi huundwa ili zitie chumvi kidogo, lakini kinga hiyo nayo huliwa. Na maadamu bima hutaka mteja aeleze mabadiliko yanayohusu hatari, mwenye kuficha magurudumu ya namna hiyo anaipa kampuni sababu ya kubishana naye siku ya ajali.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, mkazi wa mjini anayesafiri mashambani mwisho wa wiki, mwenye Impreza isiyo na turbo, hana haja ya kupita 205/55R16 kwenye rimu nyepesi ya upana wa inchi 6.5. Pesa zinazobaki anunue mpira bora, kwa sababu tairi zuri la inchi 16 litalishinda tairi duni la inchi 18 katika kona yoyote, hasa mvua ikinyesha. Anayependa usukani mkali na anayeishi karibu na lami anaweza kwenda 17. Inchi 18 awaachie waliozikuta garini.

Akishachagua, ajaze upepo kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, wala si mazoea ya kituo cha petroli ambako kila gari hutiwa 30. Magari ya Japani huandikwa kwa kilopaskali: 230 ni sawa na 33 kwa kipimo cha mashine zetu. Kipimo hicho ni cha saizi iliyotajwa kibandikoni. Tairi la ubavu mfupi lenye uwezo mdogo wa kubeba huhitaji upepo zaidi, na likiachwa na ule wa zamani ndilo litakalokuwa la kwanza kubanwa shimoni.