Umma wa Wenyewe
Mpwa wangu wa Dallas, Texas, juzi alinitumia barua mbili za kukubaliwa chuo: Michigan na Berkeley ya California. Vyote vya umma, vyote majina makubwa, ila kwa mtoto wa Texas umma huo una wenyewe. Mwenyeji wa jimbo anapunguziwa ada, mgeni analipa zaidi ya mara mbili. Na kupanga chumba California mwaka mzima hakukugeuzi mwenyeji kama wazazi wanaokulipia wako nje ya jimbo. Nikamwambia aweke kando orodha za ubora, afungue karatasi ya msaada wa fedha ya kila chuo na kufuta mikopo yote iliyochanganywa humo na ruzuku (mkopo nao ni msaada?), ndipo alinganishe kinachobaki kulipwa. Shemeji yangu, mlipaji, bado anakodolea macho picha ya mnara wa kengele wa Berkeley.