Sabyinyo isiwe mwisho wa njia

Milima haikutani, binadamu hukutana. Hata hivyo, Sabyinyo inauweka msemo huo katika mtihani. Kwenye kilele chake, chenye urefu wa zaidi ya mita 3,600, mipaka ya Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo imekutana. Wanaoshindwa kukutana ni watu.

Anayepanda kutoka Kisoro, Uganda, hupita msitu wa mianzi, akafuata mgongo mwembamba wa mlima wenye makorongo pembeni, akakwea ngazi za mbao kwenye mwinuko mkali. Huvuka vilele viwili vilivyochongoka kama meno kabla ya kufika cha tatu. Hapo, kwa hatua chache, huwa amekanyaga nchi tatu. Kisha hugeuka na kurudi alikotoka.

Sokwe wa milimani hawana kizuizi hicho. Kundi la Nyakagezi limewahi kuhama Uganda na kuingia nchi jirani, kisha likarejea. Serikali zilitambua ukweli huo, zikakubaliana kugawana mapato ya utalii kundi linapovuka mpaka, na mwaka 2015 zikatia saini mkataba wa kushirikiana katika uhifadhi wa ukanda wa Virunga. Kumbe linawezekana.

Kwa binadamu, mambo ni ya kusuasua. Viza ya pamoja ya utalii iliyoanza mwaka 2014 inahusu Kenya, Rwanda na Uganda. Congo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haimo. Na mpaka wa Gatuna ulipofungwa mwaka 2019, wafanyabiashara wadogo walisubiri hadi Januari 2022 kuuona ukifunguliwa tena.

Wapo watakaosema usalama hauruhusu. Kwa upande wa Congo, hoja hiyo ni nzito: askari zaidi ya 200 wa Hifadhi ya Virunga wamepoteza maisha kazini. Lakini vita vya jirani mmoja visiwe kisingizio cha wawili waliobaki kukaa bure.

Uganda na Rwanda zianze. Zichunguze uwezekano wa njia moja: mgeni apande kutoka Kisoro na kushukia upande wa Musanze, kwa kibali kimoja, chini ya waongozaji na waokoaji wa pande zote mbili. Idadi ya wapandaji iwekewe kikomo ili sokwe wasisumbuliwe. Nafasi ya Congo ibaki wazi hadi amani irejee.

La msingi zaidi, fedha ziwafikie wanaolima viazi chini ya mlima, ambao nyati wakiruka ukuta wa mawe wa hifadhi huwaharibia mazao. Wapagazi wa Kisoro na wenzao wa Musanze wakigawana kazi hiyo, utangamano utakuwa kitu cha kupeleka nyumbani jioni. Nchi zisizoweza kuelewana juu ya njia moja ya miguu zitapata wapi uwezo wa kuendesha soko la pamoja?