Saa ya Marehemu Baba

Marehemu baba aliporudi Tunduma kutoka migodi ya shaba ya Zambia, miaka ya 1960, alirudi na saa ya Uswisi mkononi. Usiku sisi watoto tulijifunika blanketi kuzitazama tarakimu zake zikiwaka kijani kama vimulimuli. Leo saa hiyo ni yangu, na haiwaki tena.

Juzi niliipeleka kwa fundi, karibu na mpaka wa Nakonde. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye benchi akadakia: "Shikamoo mzee. Usikubali uso wa saa hiyo ubadilishwe, wala mishale. Wanunuzi wa nje wanataka vya asili. Ukiweka spea, bei imekufa."

Marahaba, kijana. Lakini nakataa, na sababu ninazo.

Rangi iliyowasha saa nyingi za zama zile ilichanganywa na rediamu. Kinachochakaa ni unga wa zinki unaotoa mwanga. Rediamu yenyewe hupungua nusu tu baada ya miaka 1,600. Kwa hiyo saa imezima machoni, mionzi haijazima. Huko New Jersey, Marekani, wasichana waliopaka rangi hiyo walichonga ncha za brashi kwa midomo. Rediamu ikaingia mifupani, taya zikaoza, wengi wakafa. Hata Sochocky, aliyeibuni rangi hiyo, ilimwua mwaka 1928.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku hizi hata cha kale kinyemi ingawa kidonda, mradi mnunuzi yupo!

Wakati tukibishana, fundi alikwisha kuifungua saa. Akachukua wembe akwangue rangi iliyokufa apake mpya. Kikombe chake cha chai kilikuwa hapo hapo mezani. Nikamshika mkono. Ndani ya kioo kilichofungwa hatari ni ndogo; vumbi likipeperuka, likavutwa puani au likatua kwenye chai, ndipo balaa linapoanza. Naye hakuna aliyewahi kumwambia.

Ndugu msomaji, wanaoabudu uasilia wana hoja moja: saa iliyobadilishwa ni ya uongo. Si kweli. Uongo haukai kwenye kipuri, hukaa kinywani mwa muuzaji. Treni za TAZARA zinazopita hapa Tunduma hufungwa vipuri vipya, wala hakuna abiria anayeshuka akisema hii si TAZARA tena. Badilisha uso, kisha mwambie mnunuzi umebadilisha. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Tena rangi salama ipo. Baada ya rediamu ilikuja tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kwa miaka 12 hivi. Mwaka 1993 Wajapani wakatoa rangi isiyo na mionzi kabisa, inayokunywa mwanga mchana na kuutoa usiku. Basi uso wa zamani utolewe mzima, bila kukwanguliwa, na mtu mwenye vifaa. Na nchi yetu ina Tume ya Nguvu za Atomu ya kuulizwa uwekwe wapi.

Nilimwambia fundi aifunge saa, afute meza kwa kitambaa kibichi, anawe mikono, amwage chai. Nikamlipa kana kwamba ameitengeneza. Kijana akacheka kwamba nimepoteza fedha. Sikupoteza. Baba hakuniachia saa hii ili imwue mtoto wa mtu mwingine.