Babu aliacha nini?

Usiku wa Pasaka uliopita babu yangu alibatizwa, akiwa amepita miaka 80. Alijichagulia jina la Stefano. Hapa Kalemie hakuna haja ya kueleza sana: Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongomani, aliyepewa daraja huko Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, alikuwa mtu wa upande wetu huu wa ziwa.

Wenzangu kwenye auditoire waliniuliza ni nini kilichomgeuza mzee akiwa na umri huo. Wengine walicheka wakisema anaogopa kufa. Babu alizaliwa njia ya kwenda Mpala, ambako Mapadri Weupe walifika tangu 1885, na sala alizijua kabla ya kujua kusoma. Imani haikuchelewa. Kwa miaka mingi nilimwona kwenye benchi la nyuma, anaimba, anatoa sadaka, na watu wakipanga mstari wa komunyo yeye anabaki ameketi, anageuzageuza kofia yake mikononi. Alikuwa na wake wawili, basi.

Mwaka jana katekista alimwambia neno moja: aache mmoja. Babu akabaki na bibi mkubwa, ambaye macho yake yamekwisha. Bibi mdogo akahamishiwa kijumba cha chumba kimoja mwisho wa kiwanja, karibu na mwembe. Baba yangu ni mtoto wa huyo bibi mdogo, kwa hiyo msomaji ajue mapema ninasemea upande gani.

Siku ya sikukuu yeye ndiye aliyepika. Kuku, bukari, mikebuka ya kukaanga, sombe. Ilipofika saa ya kupiga picha na mbatizwa, mtu mmoja wa parokia akasema wakae bwana na bibi yake, watoto nyuma. Bibi mdogo alikuwa jikoni. Picha hiyo imetundikwa sebuleni, na mimi nimo.

Sisi tunaosoma lugha tungepaswa kusimama kidogo kwenye hili neno *kuacha*. Mtu anaacha pombe, anaacha dhambi, anaacha mke. Kitenzi ni kilekile. Mzee akiambiwa kwa pumzi moja kwamba aache mambo ya zamani na aache mwanamke, sikio lake linasikia kwamba huyo mwanamke ni mojawapo ya mambo ya zamani, amewekwa pamoja na hirizi na chupa. Nami nadhani bibi alisikia hivyohivyo. Alinijibu nilipomuuliza: “Miye ni dhambi yake, mjukuu wangu?” Sikupata la kumwambia.

Nikaenda kutafuta sheria yenyewe. Iko katika Kanuni za Kanisa za 1983, namba 1148. Ni kweli, mtu asiyebatizwa mwenye wake wengi akitaka ubatizo anabaki na mmoja. Lakini kifungu hakiishii hapo. Kinaendelea kusema kwamba askofu wa mahali anapaswa kuangalia mke wa kwanza na wale wengine walioachwa wapate mahitaji yao ya kutosha, kwa kufuata haki, upendo wa kikristo na usawa. Yaani sheria ina miguu miwili. Mguu wa kwanza ulitembea mpaka nyumbani kwetu. Wa pili sijauona. Hakuna aliyekuja kuuliza bibi anakula nini, wala mabati ya kijumba chake yamelipwa na nani. Na serikali haitamsaidia: Sheria ya Familia ya 1987 haimtambui mke wa pili. Babu akifa kesho, bibi mdogo kwa Kanisa si mjane, na kwa sheria ya nchi si mjane vilevile. Amezaa watoto sita.

Siutetei uke wenza. Nimekulia ndani yake, najua wivu wake na njaa yake, na sitaolewa hivyo. Wanaosema kwamba sheria ya mke mmoja inawalinda wanawake wana haki wakimsemea msichana wa leo. Lakini mwanamke wa miaka 70 na zaidi inamlinda na nini? Ndoa hiyo haiwezi tena kufutwa kana kwamba haikuwapo. Watoto tupo, na wajukuu.

Makanisa mengine yameshageuka. Askofu Colenso wa Natal aliandika tangu 1862 kwamba si haki kumlazimisha mtu afukuze wake zake ili abatizwe. Maaskofu wa Kianglikana walikataa kumbatiza mume wa wengi walipokutana Lambeth mwaka 1888. Miaka 100 baadaye, mwaka 1988, mkutano uleule ulikubali abatizwe pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, akiahidi asioe tena maadamu mmoja wa wake hao angali hai, na jumuiya ya mahali ikubali. Sababu waliyoitaja ni ileile ninayoiona kiwanjani kwetu: hasara inayompata mwanamke anayeondolewa. Kwa upande wa Wakatoliki, Sinodi ya Oktoba 2023 kule Roma iliwaachia maaskofu wa Afrika na Madagaska kazi ya kulitafakari jambo la wake wengi na la kuwasindikiza watu wa ndoa hizo wanaoijia imani. Ni vizuri watafakari. Ila wafanye haraka, maana wanaohusika ni wazee.

Kabla ya hapo kuna jambo dogo ambalo parokia yoyote inaweza kulifanya bila kungoja Roma: anapoandikwa mzee wa namna hii kwenye daftari la wakatekumeni, jina la yule mwanamke atakayeachwa liandikwe pembeni, na achaguliwe mtu wa kwenda kumtembelea.

Bibi mdogo bado anachota maji ya nyumba zote mbili. Jumapili anamshika bibi mkubwa mkono mpaka mlango wa kanisa, babu akitangulia na fimbo yake. Halafu anaingia na kuketi kwenye benchi la nyuma.