Ua la Usambara na aibu yetu

Huku Leeds tunaendelea na baridi. Leo nina dukuduku.

Juzi nilikwenda kumsafisha kidonda bibi mmoja nyumbani kwake. Dirishani ana kijiua cha zambarau, majani yenye manyoya laini. Akaniuliza, "Nesi, si ndiyo ya kwenu haya?" Niliona aibu, maana ni kweli. Ni ua la Usambara! Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huko akapeleka kwao. Mwaka 1893 likapewa jina lake: Saintpaulia. Leo linauzwa Ulaya nzima, na Wajerumani bado wanalitaja kwa jina la Usambara. Sisi tunaliita magugu, halafu sebuleni tunaweka maua ya plastiki!

Najua mtasema, "Dada, ua haliliwi." Sawa. Lakini msituni ua hili hukaa kwenye miamba yenye kivuli, penye unyevu. Mkikata miti, jua likapiga mwamba, linakufa. Na msitu huohuo ndio unaotunza mto Zigi, unaonywesha mji wa Tanga. Sisi wauguzi tuna kipimajoto. Msitu nao una ua hili. Likitoweka, msisubiri bomba likauke ndipo mshituke.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Muheza, acheni kukata miti kando ya vijito. Na msiende kuling'oa, liacheni kwao.

Nawapenda. Mama, nitapiga simu Jumapili.